Kumbe mimi ni shehena!

Siku hizi hapa Dar kila mwanaume ni baharia. Kijana hajavuka zaidi ya Kigamboni, na hata huko kwenye pantoni kashika bomba kwa mikono miwili, lakini akisimama kijiweni anaitwa baharia na anaitika. Kabla ya hapo tulikuwa masela, na inasemekana hilo nalo limetokana na neno la Kizungu lenye maana hiyo hiyo. Basi na mimi nilikuwa baharia wa aina hiyo mpaka Februari, nilipokwenda kuishi siku nne na mabaharia wenyewe. Tangu nirudi naomba mniite jina langu tu.

Kilichoniponza ni mdomo. Tulikuwa tunabishana kijiweni, nikajigamba kwamba mimi Kilwa naweza kwenda hata kwa tanga. Mshikaji wangu mmoja, ambaye baba yake mdogo ni kuli kwenye majahazi, akasema, "Poa, kesho twende." Ningekataaje mbele za watu?

Nahodha alikuwa mzee mwembamba, kikoi na kofia, anaongea kwa sauti ndogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeambiwa shida yako. Mimi sibebi abiria, mwanangu. Hili jahazi la mizigo. Ukija, unakuja kufanya kazi, na chakula unachangia."

Tukakubaliana elfu hamsini, nusu wakati wa kuondoka na nusu tukifika. Mzigo wenyewe ulikuwa saruji, mabati, sabuni na soda, vya Songo Songo na Kilwa Kisiwani. Zamani hata mizigo ya Kilwa Masoko ilikwenda kwa bahari, lakini Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 pale Rufiji na lami ikaja, malori yakachukua kazi. Majahazi yamebakiwa na visiwa, maana lori halijajifunza kuogelea.

Mama yangu, tangu MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, hataki kusikia habari ya chombo cha majini. Akaninunulia boya la kuvaa, la rangi ya chungwa. Mabaharia walilitazama, wakanisifia, usiku wakaligeuza mto wa kulalia.

Tuliondoka alfajiri. Huo ni msimu wa kaskazi, upepo unaovuma kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, na unamsukuma anayekwenda kusini. Kusi kikiingia, mambo yanageuka. Ndiyo maana ukimwuliza nahodha utarudi lini hakutajii tarehe, anakutajia upepo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupandisha foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Unaning'inizwa kwenye mlingoti kwa kamba inayoitwa jarari, na watu sita tuliivuta kwa mpigo mmoja. Mvuto wa tano viganja vyangu vilikuwa vimeshavimba. Wa kumi nilikuwa navuta kwa uso tu, mikono imeshastaafu.

Halafu tukatoka nje ya lango la bandari, tukakutana na bahari yenyewe. Yaliyofuata sitayaeleza sana kwa kuwa labda unakula. Nilitapika chai, nikatapika chapati, nikabaki natapika hewa. Walinipa ndimu ninuse. Na choo, msomaji wangu! Choo cha jahazi ni kisanduku kinachoning'inia nyuma, nje kabisa ya chombo, chini yake ni Bahari ya Hindi. Unakaa humo umeshika mbao, wimbi linakurushia maji kutoka chini. Siku ya kwanza niliamua kwamba sina haja.

Jioni tulitia nanga Kwale. Nilikuwa nimejilaza juu ya mifuko ya saruji, na serahangi, yule msimamizi wa mabaharia, akauliza, "Huyu naye tumpakue wapi?" Wakaangua kicheko. Tangu hapo jina langu likawa Shehena. Shehena, lete maji. Shehena, sogea. Nilicheka nao, lakini moyoni liliniuma. Nikajiapiza kesho nitawaonyesha.

Kesho nikawaonyesha kweli.

Ilikuwa alasiri ya siku ya pili, upepo umekaza kutoka nyuma, na nahodha akataka kugeuza tanga. Kwa jahazi hilo ndilo jambo la hatari kuliko yote. Tanga halibadilishwi upande hivi hivi kama pazia. Lazima demani, ile kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga, ilegezwe, foromali isimamishwe wima, kisha tanga lizungushwe mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, na wakati wote huo upepo unavuma, hausubiri mtu. Niliomba nishike demani. Serahangi akaizungusha kwenye kigingi mara mbili, akanipa mwisho wake. "Legeza kidogo kidogo. Kidogo kidogo, umesikia?" Mbele yangu alisimama kijana wa kama miaka kumi na tisa, ameshika kamba hiyo hiyo.

Nahodha akapiga kelele, "Legeza!" Jahazi likayumba, nikaogopa, nikaachia yote.

Kamba ilikimbia kama nyoka aliyekanyagwa. Yule kijana hakuachia. Yeye ndiye alikuwa anajua kazi, kwa hiyo aliishikilia, na kamba ikapita katikati ya viganja vyake na kuondoka na ngozi. Tanga likaruka mbele linapigapiga kama mizinga, jahazi likalala upande, maji yakaingia. Ilichukua labda dakika tano kulirudisha. Kwangu zilikuwa mwaka mzima. Walipomaliza, mifuko miwili ya saruji ilikuwa imelowa, na kijana amekaa chini, mikono ameifungua juu ya magoti, anaitazama. Hakulia. Heri angelia, au angenitukana.

Nahodha naye hakugomba. Alinivuta pembeni akasema, "Sikiliza, mwanangu. Hawa hawana mshahara. Nauli ya mzigo ikilipwa, chombo kinachukua fungu lake, kinachobaki wanagawana waliofanya kazi. Huyu sasa hana mikono. Kazi yake yote ni yako mpaka Kilwa. Ukiifanya, fungu lake haliguswi. Ukilala, umemla."

Kazi yake kubwa, kumbe, ilikuwa kufua maji. Jahazi la mbao linavuja muda wote, hata lililokalafatiwa vizuri, na maji yanakusanyika chini kwenye ngama. Mtu anashuka humo gizani na dumu lililokatwa, anachota, anamwaga, anachota. Harufu yake ni mchanganyiko wa samaki, mafuta na maji yaliyolala. Usiku ule nilifua maji mpaka mwezi ukatua. Ajabu ni kwamba sikutapika tena. Nadhani tumbo lilishangaa kama mimi.

Kijana alikuja kukaa juu ya mlango wa ngama, mikono imefungwa matambara.

"Kaka, wewe Kariakoo unaijua vizuri?"

"Naijua."

"Fremu ya kuuzia kava za simu ni shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akanyamaza muda mrefu. "Basi bado safari nyingi," akasema, akaenda kulala. Mimi nikaendelea kuchota.

Siku ya tatu upepo ulikufa. Tulikaa mbele ya mito ya Rufiji, maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa, tanga limeninginia kama shuka kwenye kamba. Simu haina mtandao, Jumatatu kazini inanisubiri, na hakuna wa kumlalamikia. Wenzangu walishona tanga, wakavua samaki, wakapika wali. Tulikula sinia moja. Kijana hakuweza kushika kijiko wala kutumbukiza vidole, nikamlisha. Hakuna aliyecheka, hata serahangi.

Alasiri upepo ukarudi. Usiku tukaziona taa za Songo Songo, kule inakotoka gesi inayoletwa Dar kwa bomba kufua umeme tangu mwaka 2004. Taa ya chumbani kwako, msomaji, huenda inakula ya huko. Mimi nilikuwa naifikia kwa tanga la viraka.

Siku ya nne tulipakua Kisiwani, mbele ya magofu ya mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akiusifia uzuri. Nilibeba saruji begani mpaka mwisho. Kisha nahodha akakaa mkekani, akahesabu hela. Ile mifuko miwili aliikata kwenye fungu la chombo. Kijana akapewa lake, kamili, akaniomba nimtilie mfukoni.

Nikatoa elfu ishirini na tano yangu iliyobaki. Nahodha akaipokea, akaihesabu.

"Na fungu langu, mzee?" nikatania.

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Shehena haina fungu, mwanangu. Shehena hulipiwa."

Nilirudi kwa basi. Safari ya siku nne, saa sita tu nikawa Mbagala, naulizwa na mpiga debe, "Baharia, unakwenda wapi?"

Sikuitika.