Si kila mdudu ni adui

Kiswahili cha pwani ni tajiri wa majina ya mnazi. Tunda lake huanza kuwa kidaka, likawa kitale, kisha dafu, halafu koroma, na mwishowe nazi. Mtoto wa Mji wa Kale hapa Mombasa huyajua majina haya kabla hajajua kusoma. Lakini mwulize jina la kiumbe atambaaye kwenye mnazi huo huo, naye atakujibu kwa neno moja tu: mdudu. Na mdudu hutafutiwa dawa.

Nionavyo mimi, maneno haya mawili yanatugharimu. “Mdudu” kwetu ni nyuki, ni kiwavi, na pengine ni ugonjwa wenyewe. “Dawa” ni kile kinachoponya, tena ni sumu inayoua. Mkulima aambiwapo kwamba shamba lake lina wadudu na kwamba anunue dawa, lugha huwa imekwisha kumficha mambo mawili: kwamba miongoni mwa wadudu hao wamo watetezi wake, na kwamba anachonunua ni sumu isiyobagua.

Wazee wetu hawakuwa vipofu kiasi hicho. Walimtambua majimoto, chungu mkali anayeshona majani kuwa kiota. Aliyewahi kupanda mwembe anaijua sababu ya jina hilo. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Michael Way aliichunguza minazi ya Unguja, akabaini kuwa panapotawala majimoto, kunguni anayefyonza na kuangusha vidaka hupungua. Wachina nao walitumia chungu wa jamii hiyo kulinda michungwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Sayansi ya leo imeendelea kutoka hapo. Mnamo 1993 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilifungulia huku pwani nyigu mdogo mno aliyeletwa kutoka Pakistan. Nyigu huyo hutaga mayai ndani ya kiwavi atobowaye mabua ya mahindi, kiwavi ambaye naye asili yake ni Asia. Mwaka 2021 nyigu wa namna nyingine aliletwa kutoka Ghana kuikabili kimatira ya mipapai, ile mithili ya pamba nyeupe iliyoingia pwani mwaka 2016.

Kuna watakaosema kwamba kuleta viumbe wageni ni hatari. Wana haki. Na watazame mapaa ya Mji wa Kale: kunguru wa India aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka, na kufikia 1947 alikwisha kuonekana Mombasa. Leo anakula vifaranga na mayai ya ndege wa kienyeji. Lakini tofauti ni dhahiri. Kunguru hula kila kitu, wala hakuna aliyempima kwanza. Nyigu hawa huchunguzwa kabla ya kufunguliwa, na huchaguliwa kwa kuwa windo lao ni la aina chache mno.

Suala hili sasa lina uzito zaidi, kwa kuwa dunia inazidi kupata joto. Wadudu hukua upesi joto linapoongezeka, na kiwavi huyo wa Asia hustawi nyanda za chini. Utafiti uliofanywa katika Milima ya Taita na Kilimanjaro umebashiri kwamba atapanda juu zaidi, na kwamba huenda yeye na maadui zake wasihame kwa mwendo mmoja. Tukinyunyiza sumu ovyo wakati huo, tutawaua watetezi wachache waliosalia na kumwachia mharibifu shamba zima.

Walimu wenzangu, hapa ndipo kazi yetu ilipo. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi na wakae pamoja. Tuwafunze wanafunzi kusema “mdudu mharibifu” na “mdudu mtetezi”, na kile kilichomo chupani tukiite kwa jina lake: sumu. Mwanafunzi aandikapo insha juu ya kilimo, asiachwe kuandika “wadudu” bila kuulizwa ni wadudu gani. Neno peke yake haliokoi shamba, lakini mkulima hawezi kumhifadhi rafiki ambaye lugha yake haimtofautishi na adui.