Roboti ikitoka vitani, anza na betri

Hebu fikiria kisanduku chenye magurudumu, uzito wake kilo 1 na nusu tu, kikiwa taabani. Ubavu umepasuka, gurudumu moja linaning'inia, na ndani kunatoka harufu ya plastiki iliyoungua. Hiyo ni roboti ya mapigano iliyotoka uwanjani hivi punde.

Mchezo huu ulianza kuvuma San Francisco, Marekani, mwaka wa 1994, Marc Thorpe alipoandaa mashindano ya Robot Wars. Mwaka wa 1998, BBC ya Uingereza ikauingiza katika televisheni. Wengi hutazama zile dakika 3 za kugongana. Mimi hutazama zaidi meza ya fundi baada ya pigano, kwa maana hapo ndipo nyumba yaweza kushika moto.

Naam, moto. Nyingi za roboti hizi hutumia betri za lithiamu zenye ganda laini na jembamba. Betri kama hiyo ikidungwa au kupondwa yaweza kuwaka papo hapo, au ikangoja hadi nyote mmelala. Basi kabla ya jambo lingine lolote, kata umeme, kisha toa betri uikague penye mwangaza. Ikiwa imevimba kama chapati kikaangoni, au kona yake imebonyea, usiichaji tena kamwe. Ipeleke nje uiweke ndani ya ndoo ya mchanga, mbali na ukuta, maana hata moshi wake ni sumu. Usiionee huruma kwa sababu ya bei. Ile inayoonekana nzima, pima kila seli: ikijaa huwa volti 4.2, na ikiwa imeshuka chini ya 3 usiiamini.

Sasa usikimbilie kununua vipuri. Vijana wakiona gurudumu halizunguki hulaumu mota, kumbe ni waya tu uliochomoka kwa kishindo. Lizungushe kwa mkono. Likikwaruza, huenda jino la gia limevunjika. Likienda vizuri, fuata waya kutoka mota hadi kwenye kidhibiti mwendo, ukivuta taratibu kila mahali palipolehemiwa. Kidhibiti kikinuka kuungua, kibadilishe, lakini kwanza jiulize kimeunguzwa na nini. Mota iliyokwama huvuta umeme kupita kiasi, na usipoikwamua, kidhibiti kipya kitaungua kabla chai yako haijapoa.

Fremu haina maneno mengi. Nyingi ni za plastiki ngumu, ile ya mitungi ya maji na mbao za kukatia nyama. Usiicheke! Hunyonya mapigo vizuri, na mikwaruzo yake iache ilivyo. Alumini iliyopinda ndiyo ya kuangalia, kwani ukiinyoosha kwa nyundo mara nyingi hupasuka.

Silaha je? Tumezoea kuambiwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa methali hiyo haitufai. Sahani ya chuma inayozunguka ikiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, haizibwi, hutupwa. Katika mashindano ya BattleBots, yenye majitu ya kilo 113, mwendo wa ncha ya silaha umewekewa kikomo cha maili 250 kwa saa, yaani kama kilomita 400. Kipande kikikatika katika kasi inayokaribia hiyo hakichagui cha kugonga. Wala usikimbilie fundi wa kuchomelea, kwani joto lake huondoa ugumu wa chuma pale pale unapouhitaji.

Ukimaliza, iinue roboti juu ya vipande vya mbao, magurudumu yakiwa hewani na silaha ikiwa bado imetolewa, ndipo urudishe umeme. Iendeshe polepole kwa rimoti. Baada ya dakika moja izime, uguse mota zote mbili. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, kuna kitu kinachoikwaza, na bisibisi yako bado ina kazi.