Krismasi ya Mara na Amani Isiyomfikia Binti

Kila Desemba nirudipo Nyakato, hapa Musoma, husikia neno moja likirudiwa madhabahuni na majukwaani: amani. Viongozi wa dini hulihubiri, viongozi wa serikali hulisifu, nasi hurudi nyumbani kula pilau tukiamini tumeipata.

Siiamini amani hiyo.

Mwezi huuhuu wa kuadhimisha kuzaliwa kwa Kristo ni mwezi wa likizo ya shule. Na kwa baadhi ya koo za mkoa wetu, ndio msimu wa kukeketa mabinti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, mabinti wangali wakikimbilia nyumba salama za Masanga, Mugumu na Butiama.

Tuyasome upya Maandiko. Katika Luka, malaika wanawatangazia wachungaji amani. Katika Mathayo, mtoto yuleyule anakimbizwa Misri usiku, kwa kuwa Herode anataka kumwua. Herode naye alitaka utulivu katika ufalme wake! Basi amani ya Krismasi ilikuja na mtoto aliyehitaji kufichwa asidhurike. Desemba hii, nani yuko karibu zaidi na Bethlehemu: sisi wenye pilau, au binti aliyetoroka kwao usiku?

Nitaambiwa kwamba hiyo ni mila, na kwamba kuikemea hadharani huvuruga amani ya jamii. Nakataa. Utulivu unaonunuliwa kwa damu ya binti si amani, ni ukimya. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alituachia Azimio la Arusha, ambalo imani yake ya kwanza ni usawa wa binadamu wote. Binti wa Mara hakutengwa humo.

Basi padri na mchungaji wautaje ukeketaji kwa jina lake siku ya Krismasi, wazee wa mila wakiwa wameketi mbele yao. Ofisa wa serikali asiishie kupokea taarifa. Afuatilie hata Januari, binti anaporejeshwa nyumbani. Nawe mwanafunzi uliye likizo, uliza dada yako mdogo yuko wapi. Amani ianzie hapo.