Idi Haingoji Jumamosi



Desturi moja imeanza kuota mizizi miongoni mwetu hapa Toronto, nayo ni ya kuihamisha Idi. Mwezi ukiandama katikati ya juma, baba huenda kazini, watoto hupelekwa shule, na mama huahidi kwamba sikukuu italiwa Jumamosi. Hiyo Jumamosi biriani hupikwa na kanzu mpya huvaliwa, ilhali siku yenyewe imekwisha kupita bila ya takbira kusikika nyumbani.

Siwalaumu wanaolipwa kwa saa. Asiyefika kazini halipwi, na kodi ya nyumba haijui Idi. Karamu inaweza kungoja. Hata kwetu Unguja sikukuu huwa siku nne, na anayekuja kutoa mkono wa Idi siku ya nne hafungiwi mlango. Sala ndiyo isiyongoja. Wakati wake ni tangu jua kupanda kiasi cha mkuki hadi kabla ya adhuhuri, na Zaka ya Fitri hutangulia. Kanuni ya Haki za Binadamu ya Ontario humtaka mwajiri aizingatie imani ya mfanyakazi, ilimradi jambo hilo halimtii katika dhiki kubwa. Mwambieni mapema, tena mumweleze waziwazi kwamba tarehe yaweza kusogea kwa siku moja.

Hapo kwenye tarehe ndipo penye mashaka. Magharibi ya Unguja huwa ni mchana wetu, na simu huanza kulia: "Umeonekana Pemba!" Sisi bado tumefunga, na jua letu litatua saa saba au nane baadaye. Tena Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilichagua hesabu za falaki mwaka 2006, na wako wanaoshikilia kuuona mwezi kwa macho. Nimeona nyumba moja ikila Idi mbili, mtoto asijue amfuate nani. Mimi si mufti. Nionavyo, nyumba ifuate msikiti inaosali, na uamuzi huo ufanywe Ramadhani inapoanza, si jioni ya mwezi ishirini na tisa, simu ikiwa mkononi.

Kuhusu shule, hatuna udhuru. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Elimu ya Ontario humsamehe mwanafunzi asiyehudhuria kwa ajili ya siku tukufu ya dini yake. Mtoto anayeketi darasani siku ya Idi hujifunza somo ambalo mwalimu hakulitayarisha: kwamba Krismasi hufunga mji mzima, na sikukuu yake yeye ni kiporo cha mwisho wa juma.

Watoto hawa hawana bembea za Mnazi Mmoja wala za Makadara ya Mombasa. Na mwaka 2030 Idi ya Fitri inatarajiwa kuangukia mwanzoni mwa Februari, katikati ya theluji. Wanaokaa jengo moja la ghorofa wana bahati: lifti ndiyo kichochoro chao, na mtoto aweza kupita mlango kwa mlango kuomba sikukuu yake bila ya koti.

Barua kwa mwalimu iwe ya mistari mitatu. Jina la mtoto, tarehe, na neno Idi liandikwe kwa herufi zake zote, lisigeuzwe kuwa mafua.