Ukakasi Si Ukali

Wako watu wawili wasiosikilizana katika mambo ya divai nyekundu, na wote wawili wameusahau ulimi. Wa kwanza husema kwamba divai hizo zote ni moja, na tofauti zake ni ulaghai wa wauzaji. Wa pili huzipambanua kwa orodha ya matunda ya vichaka vya Ulaya, kisha huigeuza orodha hiyo kuwa Kiswahili neno kwa neno, akadhani amefasiri ladha.

Yule wa kwanza ana ushahidi anaoupenda mno. Mwaka 2001 ilichapishwa habari ya jaribio la Bordeaux, Ufaransa: wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Basi, asema, maneno yote haya ni upuuzi. Hoja hiyo ni nyepesi. Jaribio lilihusu harufu, nalo lilionyesha kwamba jicho huitangulia pua katika kuchagua maneno. Halikuthibitisha kwamba ulimi umekufa. Ukakasi hauna harufu. Hutoka katika maganda na mbegu za zabibu, ukashikana na protini ya mate hata kinywa kikakauka na kuparuza.

Aliyekula bibo la mkorosho anaujua ukakasi. Aliyekula ukwaju anajua meno kuingia ganzi. Hali hizo ni mbili, na lugha yetu imezitenga. Kwa nini basi mfasiri azifunike zote kwa neno "ukali"?

Tazameni hasara yake. Divai ya Médoc aghalabu hutawaliwa na zabibu ya Cabernet Sauvignon, yenye punje ndogo na ganda nene. Ikiwa changa huwa ya rangi nzito na yenye ukakasi mwingi. Ile ya Burgundy hutokana na Pinot Noir, yenye ganda jembamba: nuru hupenya rangi yake, ukakasi wake ni mwororo, na uchachu ndio unaoisimamisha. Mwenye haraka angekata shauri kwamba wepesi wa rangi ni wepesi wa kinywa. Barolo ya Italia humuumbua. Zabibu yake, Nebbiolo, hutoa divai ya rangi hafifu, lakini humkamata mnywaji kama chai iliyosahauliwa pamoja na majani yake, na uchachu juu yake. Hapo ukakasi na ganzi vimekutana katika bilauri moja, na mwenye neno "ukali" peke yake hana la kusema.

Sisemi kwamba kila mfano wa harufu ni uzushi. Harufu ya pilipili manga katika divai ya Syrah si ushairi: mwaka 2008 wataalamu wa Australia walieleza kwamba kemikali iiletayo, rotundoni, ndiyo ile ile iliyomo katika pilipili manga yenyewe. Neno hilo tulipokee, maana limo jikoni mwetu. Lakini tunda la kichaka cha Ulaya likiitwa "zabibu nyeusi", tumeambiwa kwamba maji ya zabibu yananuka zabibu, na wino umemwagika bure.

Watakuwapo watakaouliza haya ni ya nini kwa lugha ambayo wasemaji wake wengi hawanywi kileo. Simwaliki mtu kunywa. Walakini Dodoma hulimwa zabibu na kutengenezwa divai nyekundu, na mizabibu yake huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mtengenezaji akiambiwa divai yake ni "kali", atajuaje kama zabibu zilichumwa kabla ya kuiva zikaleta uchachu, au kama maganda yalikaa mno katika maji yake yakaleta ukakasi? Kosa la kwanza hurekebishwa shambani, la pili kiwandani. Na mfasiri wetu amekwisha kumtuma shambani mtu ambaye kosa lake limo pipani.