Vijana, Semeni Kabla Ng'ombe Hawajatoka Zizini



Hapa Matongo siku hizi si ajabu kumkuta Mkurya ameoa Msukuma, Mjaluo wa Rorya ameoa Mkurya, au binti wa Kihaya akiwa mke wa kijana wa Nyamongo. Dhahabu imetuletea watu wa kila kabila. Wachimbaji wadogo walikuwapo tangu zamani, na mgodi mkubwa wa North Mara ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, wageni walizidi. Vijana wanakutana kazini, sokoni na kwenye kwaya. Wanapendana, na matangazo ya ndoa yanasomwa kanisani. Sisi wauguzi hatuna neno baya juu ya ndoa hizo. Tumewapokea watoto wao mikononi mwetu, na wengi wao wanajua lugha tatu kabla ya kuanza shule.

Lakini lipo jambo ambalo wachumba hawa huliacha bila kulisema. Mwishowe husemwa na watu wengine, tena wakati mwanamke ana mimba tayari. Jambo lenyewe ni kisu cha ngariba.

Mimba ya miezi saba

Tuwaeleze habari ya binti mmoja, bila kumtaja jina. Kwao ni Usukumani, ambako wanawake hawakeketwi. Alichumbiwa na kijana wa hapa kwetu kwa miaka miwili. Alipouliza juu ya mila, mchumba alimjibu, "Usijali, hayo ni mambo ya zamani." Ng'ombe walipelekwa kwa baba yake, harusi ikafungwa, bibi arusi akaletwa kwa wakwe. Mume akarudi kazini Mwanza.

Alikuja kliniki peke yake, mimba ikiwa ya miezi saba. Tulipompima shinikizo la damu lilikuwa juu kidogo, tukamwuliza kama analala vizuri. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Mama, siku yangu ikifika nikikimbilia hapa, mtanifungulia mlango hata usiku?"

Pale nyumbani kina mama walikuwa wakizungumza Kikurya mbele yake, naye haelewi. Mtoto wa jirani ndiye aliyemtafsiria. Walikuwa wanangoja siku ya uchungu. Mwanamke akiwa katika uchungu wa uzazi hana nguvu ya kushindana na mtu, na damu ya kisu huchanganyika na damu ya uzazi. Anayeuliza baadaye huambiwa kwamba mzazi alichanika.

Huyu tulimwahi. Tulimpigia mumewe simu, akaja, akakaa na mama yake usiku kucha. Mtoto alizaliwa hospitali salama. Lakini si wote tunaowahi. Mwingine aliletwa kwa pikipiki akiwa amefungwa khanga tatu, na zote zimelowa. Ndugu zake wawili walitoa damu, akapona. Hakurudi tena kwa mume.

Kisu kinafanya nini

Sehemu ile ina mishipa mingi ya damu na ya fahamu. Ikikatwa, damu hutoka kwa wingi. Maumivu huweza kumfanya mtu azimie na ashindwe kukojoa. Kisu kichafu huleta usaha na pepopunda. Baadaye hubaki kovu gumu lisilovutika. Siku ya kujifungua, mahali palipopaswa kutanuka hapatanuki, hivyo mama huchanika. Tendo la ndoa nalo huwa la maumivu.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi sita za Afrika, pamoja na jirani zetu Kenya, kwa wanawake zaidi ya 28,000 waliojifungua hospitali. Waliokeketwa kwa namna iliyo kali kuliko zote walizidi wasiokeketwa kwa asilimia 30 katika kuzaa kwa upasuaji, na kwa asilimia 70 katika kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa. Hakuna faida yoyote ya afya iliyopatikana katika kumkeketa mwanamke.

Hapa wengine hutuuliza, "Mbona mnawatahiri wanaume?" Ni swali la haki, hasa kwa ndoa za Wakurya na Wajaluo, maana Wajaluo kwa mila yao hawatahiri. Jibu ni hili: hivyo ni vitu viwili tofauti. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini, Kisumu na Rakai nchini Uganda ulionyesha kwamba tohara ya mwanamume hupunguza hatari yake ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Ndiyo maana tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani linaishauri katika nchi zenye maambukizi mengi. Hata hivyo haichukui nafasi ya uaminifu wala ya kupima. Na kijana wa Kijaluo anayemchumbia Mkurya asitukanwe wala asishikwe kwa nguvu. Aje hospitali kwa hiari yake, atahiriwe na mtaalamu, kisha angoje wiki sita kidonda kipone kabla ya kukutana na mwanamke.

Mama mkwe naye anaogopa

Tusiwahukumu kina mama wakwe kana kwamba ni watu wabaya. Wengi tunawafahamu, na wengine ni marika yetu. Mmoja alituambia kwa upole, "Nesi, mimi simchukii mke wa mwanangu. Lakini asipokatwa, wenzake hawatamhesabu kuwa mtu mzima. Hata lango la zizi hatafungua. Nikifa, atasimama wapi kwenye msiba wangu?" Mama huyu anamtakia mkwewe heshima, na heshima aliyoijua yeye ilipatikana kwa njia hiyo moja tu.

Tulimjibu, "Mama, heshima ya mkweo utampa wewe. Siku utakayomwambia afungue zizi mbele ya watu, nani atamzuia?" Alicheka, hakutujibu. Lakini tunajua miji hapa kwetu ambako wakwe wasiokeketwa wanafungua mazizi na ng'ombe hawajafa. Mambo yanabadilika. Mwaka 1996 wanawake 18 katika kila 100 nchini Tanzania walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta 8. Katika mkoa wetu wa Mara walikuwa 28 katika kila 100, idadi ambayo bado ni kubwa mno.

Nani aseme?

Hapa ndipo maoni yetu yalipo. Vijana wengi wa kiume humwachia mke mgeni apigane na mila peke yake. Kijana husema, "Mke wangu amekataa," naye ananyamaza. Kwa maneno hayo amemtoa mkewe mbele ya ukoo kama mshtakiwa. Sisi tunasema: mwenye mila ndiye aseme kwao. Kijana wa Kikurya aseme mbele ya baba, mama na wazee wake: "Mimi ndiye nisiyetaka mke wangu akatwe." Neno hilo likitoka kinywani mwa mtoto wao, wazazi watakasirika siku chache, lakini watajua wa kuzungumza naye. Likitoka kwa mgeni, huonekana dharau.

Vilevile aliyeoa Mkurya aliyekwisha kukeketwa, asimtupie maneno. Tumewasikia waume wa makabila mengine wakiwacheka wake zao kwa jambo walilofanyiwa wakiwa wasichana wadogo. Mwanamume mwenye upendo atauliza panapouma, atakwenda polepole, na atamsindikiza kliniki mapema ili mkunga ajue kovu lilivyo.

Sheria nayo ina mpaka wake. Sheria ya mwaka 1998 juu ya makosa ya kujamiiana inamlinda msichana aliye chini ya miaka 18, na anayemkeketa anaweza kufungwa miaka mitano hadi kumi na mitano. Mke wa miaka 22 hakutajwa humo. Kumkata kwa nguvu ni kosa la kumdhuru mwili, lakini ndani ya mji wa wakwe, usiku, nani atakayekwenda polisi? Kwa hiyo ngao yake ya kwanza ni mumewe. Mume asiposimama, mke hana ukuta.

Mkubaliane haya

Kabla ng'ombe hawajatoka zizini, tunawashauri wachumba na wazazi wa pande zote mbili wakae na kukubaliana mambo haya:

1. Bibi arusi hatakatwa, si sasa, si siku ya kujifungua. Kijana alitamke mwenyewe, na mshenga wa kila upande asikie.

2. Mabinti watakaozaliwa hawatakatwa pia. Wengi husahau hili, kisha huja kugombana mtoto akifika miaka kumi na msimu wa tohara ukitangazwa na wazee wa mila.

3. Atajifungulia hospitali au kituo cha afya, na atakayemsindikiza ajulikane tangu mapema. Mume anayefanya kazi mbali aje mwezi wa mwisho.

4. Wote wawili wapime VVU pamoja, na kila mmoja ayasikie majibu mwenzake akiwapo.

5. Mgeni aanze kujifunza lugha ya wakwe tangu uchumba. Mke anayeelewa yanayosemwa jikoni ana usalama zaidi, na mama mkwe anayesalimiwa kwa lugha yake hulainika.

Wako watakaosema, "Ng'ombe wetu wakishatoka, huyu ni wetu." Ng'ombe ni shukrani kwa wazazi waliomlea binti. Hawanunui mwili wake. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haifanyi mahari kuwa sharti la ndoa kuwa halali.

Nanyi wazazi wa binti anayeolewa mbali, msione haya kuuliza. Mnakagua pembe na kwato za ng'ombe wanaoletwa. Ulizeni pia binti yenu atalala salama mahali gani. Kama jibu ni "hayo tutaona mbele ya safari," warudisheni ng'ombe kwao wangoje.

Yule binti wa Usukumani sasa ana watoto wawili. Wa pili alikuja kujifungua akisindikizwa na mama mkwe, amebeba uji kwenye chupa. Nasi jibu letu kwa swali lake la siku ile ni lilelile kwa kila mama: njoo saa yoyote, mlango utafunguliwa.