Wenye Matatu Wajue Faiba Si Bati

Mtu yeyote aliyesimama Jogoo Road asubuhi akingoja gari la mjini anajua kwamba watu wa Eastlands hawapandi matatu hivi hivi tu. Wanachagua. Kijana wa Buruburu anaweza kuacha magari mawili yapite na nafasi zimo, akingojea lile lililochorwa uso wa mwanamuziki ampendaye, na nauli ni ile ile. Wazee hucheka mambo hayo, lakini hiyo ndiyo sanaa yetu, na maonyesho yake yako barabarani, kwenye mvua na vumbi.

Sanaa hii imepita katika taabu. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalum, nyingi zilikuwa magari makuukuu tu. Michoro ikaja, ikastawi. Kisha Februari 2004 sheria za waziri John Michuki zikaleta mstari wa manjano, na mapambo yakafutwa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akawatetea wachoraji, na rangi zikarudi kwa kishindo. Tangu hapo sifa zote humwendea mchoraji. Mtanisamehe, wasomaji, nikisema kwamba sifa hizo zimegawanywa vibaya.

Mchoro hukaa juu ya kitu. Ubavu wa matatu ni bati, lakini bampa, uso wa mbele na mapambo ya nyuma mara nyingi ni faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini na kugandishwa kwa dawa ndani ya kalibu. Si jambo geni duniani. Chevrolet ya Marekani ilitoa gari la Corvette lenye bodi ya faiba mwaka 1953. Faiba haishiki kutu, ni nyepesi, na hukubali maumbo ambayo bati hukataa. Lakini ikigongwa haibonyei. Hupasuka.

Hapo ndipo mambo huharibika. Gari limegusana na lori, bampa ina ufa wa urefu wa mkono. Mwenyewe anafika gereji saa mbili asubuhi: "Fundi, jioni nataka gari liwe kazini." Gari likilala ni hasara, hilo sikatai, deni lipo, na dereva na makanga wanangoja mkate wao. Basi fundi anapaka fila juu ya ufa, anapiga msasa, anapuliza rangi, na jioni gari linang'aa. Baada ya wiki chache za matuta ya Kayole ufa unarudi pale pale, tena umekata uso wa yule mwanamuziki katikati. Anayelaumiwa ni mchoraji!

Kazi ya fila ni kusawazisha tu, nguvu haina. Ufa wa faiba hutibiwa kwanza kutoka nyuma. Fundi hutoboa tundu dogo ufa unapoishia ili usiendelee, husaga kingo ziwe na mteremko mpana, hufuta mafuta yote, kisha hubandika tabaka za mkeka wa nyuzi za kioo zilizolowa resini. Dawa ya kugandisha hupimwa, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya resini. Ikizidi, hasa jua likiwa kali, resini huchemka na kuganda ndani ya kopo kabla haijapakwa. Ikipungua, hubaki ikinata. Ndipo huja upande wa mbele: fila kidogo, msasa wa kukwaruza, msasa laini, praima, na rangi mwisho kabisa. Rangi ya zamani nayo isichomwe kwa moto wala kubanduliwa kwa kemikali ya bati, maana hiyo huila resini yenyewe.

Kazi hiyo yataka siku mbili tatu, na yataka kifua kizima. Vumbi la kioo huwasha ngozi na koo. Mvuke wa resini huumiza kichwa. Rangi zinazochanganywa na dawa yake ya kugandisha huwa na isosianeti, ambayo yaweza kumwachia mpulizaji pumu ya maisha. Katika gereji nyingi utamwona kijana amejifunga kitambaa puani, basi, na kitambaa hakizuii mvuke hata kidogo. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, nao wakajengewa mabanda. Ilikuwa heri, lakini banda huzuia jua, halichuji hewa.

Kwa hiyo mwenye matatu anapokwenda kuchukua bampa yake, asitosheke na mng'aro wa mbele. Ainame, apapase nyuma. Akikuta mkeka mpya umeushika ufa sawasawa, alipe bila kubishana, na bei ya barakoa ya kuchuja mvuke iwe ndani ya hesabu hiyo.